Siku Baba Alipoongea Kinyumenyume

Wakuu, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima, na marehemu akiwemo.

Naandika nikiwa nyuma ya ghala la mahindi, kijijini kwetu huku Kilolo. Mbele ya nyumba siendi. Kila nikichungulia kuna mtoto wa mtu ananionyesha kidole. Mtandao huku unashika ukisimama juu ya jiwe, kwa hiyo mjue haya yote nayaandika nimesimama juu ya jiwe, na suti. (Tai nimeshaifungua. Ya nini sasa.)

Nianze mwanzo ili hata wageni wa kundi mnielewe. Ugonjwa wangu mnaujua. Wengine wana mpira, wengine wana bia, mimi nina mashine za tepu za zamani, zile zenye magurudumu mawili makubwa usoni. Tepu inatoka gurudumu la kushoto, inapita kwenye kichwa cha kusomea, inajiviringisha gurudumu la kulia. Nyumbani kwangu Iringa mjini nilikuwa nazo mbili, zote za mitumba. Moja inazunguka lakini haitoi sauti. Nyingine inatoa sauti lakini haizunguki. (Mke wangu aliwahi kuuliza kama haziwezi kuoana.)

Sasa marehemu baba alikuwa mwalimu wa kwaya hapa kijijini. Besi ya kweli. Akiimba, benchi ulilokalia linatetemeka. Zamani hizo mgeni mmoja wa misheni alipita na mashine yake, akamrekodi, akamwachia tepu kwenye kopo la bati. Halafu mgeni akaondoka na mashine. Kwa hiyo tepu ipo, cha kuisikilizia hakuna. Mama akalifungia kopo kwenye sanduku chini ya vitenge vyake. Baba akazeeka, mwaka juzi akatutoka, na kopo liko palepale.

Siku moja nimekuja kumsalimia mama, tumekaa tunachambua maharage. Akasema bila kuniangalia, "Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Jana nimejaribu kuikumbuka, ikaja ya mjomba wako."

Niliumia, jamani. Nilichambua maharage yale mpaka mawe nikayaweka kwenye sufuria na maharage nikayatupa. Nikaapa moyoni kwamba mama ataisikia sauti ya mume wake, hata iweje.

Nikaanza kutafuta. Baada ya kusumbua watu mtandaoni nikampata mzee mmoja mstaafu wa Uyole, kule Mbeya, anauza mashine yake nzima, inayozunguka na kutoa sauti kwa pamoja. Nikauza mtamba wangu, ng'ombe pekee niliyekuwa naye. (Mtamba huyo mke wangu alikuwa ameshamgeuza mabati ya nyumba kichwani mwake. Hili tuliache.) Nikapanda basi.

Mzee yule alinipokea kwa "Ugonile", salamu ya kwao, na kunikalisha mezani. Nikagusia mashine, akaniambia kwanza nile. Ndizi, maharage, maziwa ya mgando. Nikagusia tena, akaniongezea ndizi. Mpaka niliposhindwa kupumua ndipo akanipeleka sebuleni, akaivua mashine kitambaa.

Wakuu, nisiwafiche. Nilisahau hata kwamba nimeacha mke Iringa. Ilikuwa na uso wa chuma unaong'aa, vifundo vizito, mishale miwili kwenye vioo vyake. Akawasha, taa ya njano ikapanda taratibu nyuma ya mishale. Akaweka tepu ya bendi moja ya zamani ambayo hata yeye jina halijui, gitaa likatoka safi, ukadhani mpigaji yuko kwenye kochi pembeni yako. Mzee akafumba macho. Na mimi nikafumba. Mke wake akachungulia, akatuona watu wazima wawili tumefumba macho mchana, akarudi jikoni.

Nikanunua. Ina uzito wa gunia la mpunga, na kwenye buti la basi sikukubali iwekwe. Nikailipia kiti. Njiani, pale Chimala, akapanda mama mmoja na mizigo yake, akaniuliza kama na hilo nalo lina tiketi. Nikamwonyesha. Akaikagua, akanirudishia, akasema ataniweka kwenye maombi. Kumbe maombi yalianzia pale.

Nyumbani nikaipiga kila siku. Mzee alinipa tepu zake kadhaa, zote zilitoka vizuri. Jirani wakawa wanakuja kusimama dirishani. Kilichobaki kikawa tepu ya baba, na hapo ndipo shangazi yangu Yustina akaingia kati.

Shangazi Yustina ni dada mkubwa wa baba. Kwetu dada wa baba akisema, hata mtendaji wa kijiji anatoka nje akafikirie. Nilimpigia simu mama aniletee kopo nilijaribu, shangazi akachukua simu. Akasema sauti ya kaka yake haitasikilizwa kwenye chumba cha mjini, mtu peke yake kajifungia, kama mtu anayekula nyama kwa kuficha. Sauti ya marehemu ni ya ukoo. Itafunguliwa siku ya kulijengea kaburi, ukoo wote ukiwa umekaa, wote wasikie pamoja, hakuna wa kutangulia. Nikajaribu kueleza kwamba mashine lazima ijaribiwe. Akaniuliza kama kaburi nalo tulilijaribu kwanza.

Mama akakubaliana naye. Ufunguo wa sanduku ukafungwa kwenye pindo la khanga.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Watu walianza kufika mapema, salamu za kamwene zinapishana uani. Fundi alishamaliza vigae, kaburi linang'aa, msalaba mweupe. Ndugu zetu waliohamia Ubaruku walikuja na mchele wa kutosha kijiji. Upande wa mama, ambao ni Wakatoliki, walikuja na mjomba Kastori mbele. Sisi upande wa baba ni Walutheri. Pande hizi mbili zinaheshimiana sana, na hazijawahi kukubaliana jambo lolote tangu harusi ya wazazi wangu.

Nikaipanga mitambo. Kwaya walinikopesha amplifaya na spika zao mbili kubwa. Spika ya kushoto nikaiweka upande wa akina mama, ya kulia nikaiweka kule kaburini. Mashine yenyewe nikaiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, nikaigeuza uso iwaangalie watu, wayaone magurudumu yakizunguka. Mimi nikasimama nyuma yake. (Kumbukeni hapo niliposimama. Nyuma.)

Ibada ikaenda vizuri. Mwinjilisti wa mtaa alihubiri maisha ya baba kwa kirefu. Alivyofundisha kwaya, alivyolea familia, na jinsi ambavyo katika uhai wake wote hakuwahi kuonja kileo, mfano kwa vijana wa leo ambao kutwa wako kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Vijana wakainama. Akabariki kaburi, akanikaribisha.

Ningepiga tepu tu, leo hii ningekuwa mezani nakula. Lakini mimi ni mtu wa maneno. Nikashika maikrofoni, nikawaeleza mashine nimeifuata Mbeya, nikawaeleza utaalamu wangu wa muda mrefu, nikasema wapo watu kutoka mikoani wananiuliza mimi mambo haya. Halafu nikamalizia kwa sauti ya chini, ile ya kwenye redio: "Leo, baba ataongea."

Mama akaletewa sanduku. Akafungua mwenyewe, akalitoa kopo limefungwa kwenye khanga, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akarudi kwenye kiti chake cha mbele, akasogeza kilemba nyuma ya sikio ili asikie vizuri. Nikapitisha tepu, nikabonyeza.

Mikwaruzo kwanza. Halafu, kwenye spika ya akina mama, baba.

Jamani, baba! Anasalimia. "Bwana asifiwe." Besi ileile. Shangazi Yustina akapiga yowe dogo. Mama akaziba mdomo kwa mkono. Mimi machozi yakanitoka na nikayaacha yatoke, maana yalikuwa ya haki yangu.

Hapo hapo spika ya kaburini nayo ikaanza.

Sauti ileile ya baba, lakini inaongea kitu kisichokuwa lugha. Maneno yanaanza na mwisho, yanavutwa ndani, kama mtu anayameza badala ya kuyatoa. Upande wa akina mama baba anasalimia kanisa. Upande wa kaburi baba anasema "uwawawi-shiiip, ungwawaaa-shiip."

Nyie wazoefu mmeshajua. Tepu kama hii ya baba, tofauti na zile za mzee wa Uyole, zilirekodiwa mara mbili. Upande wa juu unaenda, ukifika mwisho unaigeuza, upande wa chini unarudi. Mashine yangu inasoma pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wa kwenda unaenda mbele, na wa kurudi unausikia kinyumenyume. Si mchawi, si jini, ni njia mbili za tepu. Dawa yake ni ndogo mno, unashusha volyumu ya upande mmoja, basi. Na aliyewaandikia somo refu la jambo hili humu kundini, lenye michoro, ni mimi.

Nikawaonyesha watu mkono kwamba watulie, mtaalamu yupo. Nikapeleka mkono mbele ya mashine nizime upande wa kaburini, volyumu ya kulia. Nikaizungusha mpaka mwisho.

Lakini nilikuwa nimesimama nyuma. Ukisimama nyuma, kulia kwako ndiko kushoto kwa mashine.

Nikamzima baba anayesalimia. Akabaki yule wa kaburini, peke yake, sauti ya juu.

Akina baba waliokaa karibu na kaburi walihama wote kwa pamoja, na viti vyao. Mtu akaangusha shada la maua. Watoto wakaanza kulia. Na mimi, badala ya kuzima, nikapaniki, nikashika kile kifundo kingine nikakizungusha kwa nguvu. Nilikuwa nakipeleka juu. Baba akaongea kinyumenyume mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Shangazi Yustina akasimama. Akasema, polepole, kila mtu akamsikia: "Huyu si kaka yangu. Huyu ni mtu mwingine amevaa sauti yake."

Ikawa imetosha. Mwinjilisti akaja mbio, akaweka mkono juu ya mashine, akaanza kukemea. Shindwa! Toka! Kwaya wakaitikia, kwa sauti nne, maana baba aliwafundisha vizuri. Mimi napiga kelele kwamba ni njia za tepu, ni njia mbili, moja inaenda moja inarudi. Bibi mmoja akaniambia ndivyo wanavyosemaga wote walioingia mambo hayo.

Na mashine ikikemewa, inaendelea kuongea. Ndipo mjomba Kastori akanyanyuka na chupa ya maji ya baraka, aliyokuja nayo mfukoni mwa koti kwa ajili ya kaburi na Walutheri wakamzuia asubuhi kwa heshima zote. Sasa hawakumzuia. Mwinjilisti mwenyewe alimpisha upande. Nikaona chupa inafunguliwa, nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata nilipoumwa na nyuki. Mjomba akaimwaga yote. Kwenye matundu ya juu. Chupa ya lita.

Kishindo. Cheche. Moshi mweusi na harufu ya mpira unaoungua. Mwinjilisti, mkono wake ungali juu ya mashine, akarushwa akakaa chini kwenye majani. (Mzima kabisa. Baadaye ameongeza wali.) Umeme ukakata nyumba nzima. Magurudumu yakazunguka kidogo yenyewe, yakasimama.

Halafu watu wakapiga makofi. Naapa. Mkatoliki na Mlutheri wakashikana mikono. Wakaambiana limetoka, wote wameliona likitoka.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya meza, naitazama mashine yangu ikitoa mvuke. Mtamba wangu mzima yuko mle ndani amechemka. Lakini hata hilo ningelibeba. Kilichonimaliza ni shangazi Yustina, ambaye alitoa amri papo hapo kwamba tepu itolewe, ipelekwe jikoni, ichomwe moto kabla jua halijazama. Vijana wawili wakaja. Nikaikumbatia. Wakanibembeleza kama mtu aliyefiwa, huku wananifungua vidole kimoja kimoja.

Nikamwangalia mama. Watu wote walikuwa wamekimbilia upande wa barabara, viti vimepinduka, yeye kakaa palepale mbele. Kilemba bado kiko nyuma ya sikio.

"Acheni tepu yangu," akasema.

Shangazi akamwambia wifi, hukusikia mwenyewe? Yule hakuwa yeye.

"Ni yeye," mama akasema. "Msimu wa ulanzi alikuwa anaingia ndani usiku akiongea hivyohivyo. Miaka yote ya ndoa yetu. Mimi sauti hiyo siwezi kuikosea."

Kwaya walimwangalia mwinjilisti. Mwinjilisti, bado yuko chini kwenye majani, akaangalia kaburi alilolisifia kwa kirefu hivyo. Mzee mmoja wa besi, rafiki mkubwa wa marehemu, akaanza kuchunguza viatu vyake, na hapo kila mtu akajua baba alikuwa anakunywa na nani.

Kijana mmoja nyuma akacheka. Halafu wawili. Halafu uwanja mzima, mpaka mjomba Kastori aliyekuwa ameshika chupa tupu. Shangazi Yustina akavuta khanga akafunika uso, mabega yanatikisika, sijui analia sijui anacheka. Sikucheka. Mtu pekee ambaye hakucheka leo ni mimi na mashine.

Kwa hiyo hesabu ya siku ni hii. Baba alizikwa mtakatifu, leo nimemfukua nikamrudisha mlevi. Mwinjilisti hanisalimii. Mashine imekufa kifo cha kuungua. Mke wangu amepita hapa na sahani ya wali, akaniwekea juu ya jiwe, akafika mbali ndipo akageuka akasema, "Mabati hayaongei kinyumenyume." Na kijiji kimeshanipa jina ambalo sitaliandika humu, maana najua mtalitumia.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, mama akaja. Akageuza ndoo, akakaa. Kopo liko mapajani, tepu ndani, limerudishwa kwenye khanga yake. Akaniuliza kama mashine imekufa kabisa. Nikamwambia imekufa, mama, na nisamehe. Nikamwambia nitauza chochote nipate nyingine, safari hii nitaijaribu mwenyewe, nitaipanga vizuri, yale makelele nitayazima yote, atamsikia baba akiimba vizuri toka mwanzo mpaka mwisho.

Mama akatikisa kichwa.

"Hiyo ya kuimba wape kwaya," akasema. "Kuimba aliwaimbia watu wote. Mimi niwekee ile nyingine."

Akanyanyuka, akaenda kusimamia vyombo.

Kwa hiyo wakuu, kucheka mtacheka, nawajua, ila mchekee pembeni na mnijibu kwanza hili. Nani ana mashine ya tepu anaiuza? Iwe na kutu, iwe na panya ndani, sichagui. Ila isiwe imeshaombewa.